Mama Vifaranga na Nyuzi Joto za Kwao

Ukitaka kumchokoza Mama Vifaranga, ilitosha kumwambia "leo kuna joto" halafu ukanyamaza. Hapo hapo angeshika kiuno. "Joto ngapi? Maana joto bila hesabu ni malalamiko tu." Ukimjibu thelathini na tatu, angekuuliza za kwetu au za kwao. Ukisema za kwetu, angefumba macho kidogo, midomo ingecheza, kisha angekutolea jibu: "Tisini na moja za kwao. Haya, pole, ingia ndani upoe."

Mtaani kwetu Chang'ombe, nyuma ya karakana za kuchomelea mageti, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mimi ni fundi cherehani, na kati ya kibaraza changu na dirisha lake ulikuwepo ukuta mfupi ambao hatukuuheshimu hata siku moja. Vikombe vya chai, umbea na mikasi vilipita juu yake kutwa nzima. Sebuleni kwake, pale ambapo watu wengine huweka televisheni, yeye aliweka mashine ya kutotolesha mayai. Watu walimletea mayai ya kuku wa kienyeji, ya bata, hata ya kuchi, wale majogoo warefu ambao wenye nao huwasifia kuliko watoto wao. Baada ya wiki tatu walirudi na maboksi ya viatu kuchukua vifaranga. Siku ya kutotoa, kelele za "piu piu piu" zilitoka dirishani, nami niliacha nguo za watu kwenye sindano nikaruka ukuta. Sijali nani atanicheka. Nimeona harusi nyingi na sijaona raha ya kuishinda ile ya yai linalopasuka lenyewe.

Mashine ile aliletewa na binti yake, mtoto wake wa pekee, anayeishi Marekani na kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ilipochomekwa umeme mara ya kwanza, kioo chake kiliandika themanini na tano, kikapanda tisini, kikafika mia. Mama Vifaranga alichomoa waya kwa nguvu nusura aondoke na soketi ya ukutani.

"Mia!" alipiga kelele. "Mia si ndo maji yanachemka? Huyu mtoto kanitumia jiko!"

Akampigia simu binti, na sisi tuliojaa sebuleni tukamsikia binti akicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kucheka alimweleza mama yake kwamba Wamarekani wana vipimo vyao vya joto, Farenhaiti, na mia ya kwao ni kama thelathini na nane ya kwetu, joto la tumbo la kuku. Mama Vifaranga alisikiliza, akakata simu, akatugeukia kama mwalimu aliyepewa darasa jipya.

"Nyie si mna saa za aina mbili?" alituuliza. "Fundi, simu yako hapo imeandika ngapi?"

"Saba, mama."

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa moja."

"Kuna mahali umechelewa kwa sababu hiyo?"

"Hapana."

"Basi imekwisha. Hizi ni saa za Kizungu za joto. Tena Wazungu wenyewe wengi hawazitumii, wamebaki Wamarekani na jamaa zao wachache."

Nilimpenda siku ile kwa moyo wote. Watu wa mtaa mzima waliingia pale wakiogopa sanduku lenye kioo, wakatoka wakijiona mabingwa. Ila maelezo yake yalikuwa na hatari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Sinza, mwenye baa, mteja wake wa siku nyingi, aliyeamua kujitengenezea mashine yake mwenyewe: sanduku la mbao, taa ndani, na kipimo cha joto alichonunua Kariakoo, kinachosoma za kwetu. Akaja kumuuliza Mama Vifaranga mashine yake anaiweka ngapi. "Mia," akamjibu huku akihesabu mayai ya mtu mwingine, "ila hizo ni saa za Kizungu." Jamaa akashukuru, akaondoka. Sasa, kila mtu aliyekulia hapa anajua saa za Kizungu zinageuzwaje: unatoa sita. Mia toa sita, tisini na nne. Jamaa akaongeza taa juu ya taa mpaka mbao zikaanza kutoa harufu ya kuungua, na tisini na nne haikufika, lakini alipolifungua sanduku alikuta mayai yameiva vizuri kabisa, kiini kigumu. Aliyauza kwenye baa yake jioni ile ile, na chumvi na kachumbari. Kisha akaja Chang'ombe kugomba. Mama Vifaranga alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama yalikuwa matamu, na jamaa akashindwa kuendelea na hasira kwa sababu sisi sote, na yeye mwenyewe, tulikuwa tumeanza kucheka.

Usidhani alizipenda hizo nyuzi joto za kwao. Alizisema vibaya kuliko mtu yeyote ninayemjua. "Eti maji yanaganda kwenye thelathini na mbili! Sie thelathini na mbili tunatafuta feni. Maji yanatakiwa kugandia sifuri, maana hapo ndo hayana tena la kufanya." Redio ilipotangaza hali ya hewa, nyuzi joto za Dar, za Mtwara, za Dodoma, alitikisa kichwa kwa kuridhika kama anayesikia majina ya ndugu zake. Lakini ile mashine ilikuwa na kitufe ubavuni cha kuigeuza isome za kwetu, na hakukigusa kamwe. Tulimwonyesha. Fundi mageti wa jirani, mtu wa utani mwingi, alimwambia siku moja mbele ya wateja, "Mama, geuza hiyo mashine bwana. Mwacha asili ni mtumwa." Yeye ambaye hakuwahi kukosa jibu aliinamisha kichwa akaendelea kufuta mayai. Nilishangaa, nikamwona fundi mageti naye ameshangaa, na utani ukaishia hapo.

Alikuwa na mambo mengine yasiyopatana. Hakula kuku. Mtu aliyewaleta duniani maelfu kwa maelfu alikula samaki tu, na ukimpelekea ubwabwa wenye paja la kuku alirudisha paja kwenye sahani safi, limefunikwa, na asante nyingi. Alikuwa mkali kwa mteja aliyechelewa kuchukua vifaranga vyake, akamsema mpaka jasho likamtoka, kisha akamfungashia na pumba za bure. Alikuwa mswalihina, na sala hazimpiti, lakini umeme ukikatika alitukana matusi ambayo mimi, niliyekulia mitaa ya Temeke, nilikuwa sijawahi kuyasikia.

Na siku za umeme kukatika, jamani! Hapo ndipo ungetamani uwe mtu wa mtaa wetu. Alitoka mlangoni na kupiga ukelele mmoja tu, "Maji ya moto!", na kila nyumba ilijua kazi yake. Wengine waliwasha mkaa, wengine gesi, wengine walileta mablanketi na makhanga ya kuifunika mashine, nami nilileta mabaki yote ya vitambaa kibarazani. Tulijaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki tukazipanga kuizunguka kama tunamkanda mzazi. Yeye alichungulia kipimo kidogo alichokiweka ndani, nacho cha kutoka Marekani, akatangaza kwa sauti, na walio mlangoni wakapokea na kupeleka barabarani: "Tisini na nne!" Tukanyong'onyea. Chupa nyingine zikaingia. "Tisini na sita!" Vijana wa karakana wakaacha kazi. "Tisini na nane! Tisini na tisa!" Na ilipofika mia, mtaa ulilipuka kwa shangwe utadhani Taifa Stars wamefunga goli. Nakwambia, sidhani kama kuna mtaa mwingine Dar es Salaam wote ambako muuza mihogo anaijua Farenhaiti. Tulizizoea kiasi kwamba nilipougua malaria na nesi wa zahanati akaniambia nina thelathini na tisa, nilimwambia mbona mia bado iko mbali, basi mie mzima, naomba niende nyumbani.

Kila alipopata nafasi alikwenda Kunduchi kununua samaki pale wanapoteremshwa, na huko alikuwa na shughuli ya pili. Alisubiri karibu na hoteli za ufukweni, akamnasa kila mgeni aliyepita, na kwa Kiingereza chake cha sokoni akauliza swali moja: kwenu joto mnapimaje? Wahudumu wa hoteli walimzoea wakawa wanamletea habari wenyewe. Alirudi na kapu la samaki aina ya changu na taarifa mpya ya kunipa juu ya ukuta wetu.

"Fundi! Leo nimempata wa Bahama. Visiwa, bahari kama sie, weusi kama sie, na wanapima za Wamarekani!"

"Kwa nini sasa?"

"Jirani yako akipika pilau kila siku, na wewe utanuka pilau."

Siku nyingine baharia mmoja alimwambia kwamba Liberia nao walizipokea za Wamarekani zamani. Mkanada alimchanganya vibaya: nje ya nyumba wanapima za kwetu, lakini jikoni, kwenye oveni, wanapima za kwao. "Yaani akitoka mlangoni anabadilisha nchi," alisema, akacheka peke yake siku nzima. Lakini aliyemvutia zaidi alikuwa mzee mmoja wa Kiingereza aliyekiri, baada ya kubanwa, kwamba kwao sasa wanatumia za kwetu, ila jua likiwaka sana yeye husema tisini, na baridi ikishika husema chini ya sifuri. Za zamani kwa joto, za sasa kwa baridi. Nilidhani Mama Vifaranga angemcheka. Hakumcheka. Alinisimulia polepole, akaongeza, "Kumbe mtu mzima anaweza kubeba zote mbili moyoni."

Sikuelewa kwa nini jambo lile lilimgusa hivyo mpaka alasiri moja nilipokuwa sebuleni kwake nikimpima dera. Simu ya binti iliita. Walikuwa na desturi yao: kabla ya habari za afya na za watu, mama aliuliza "Leo huko ngapi?" na binti alijibu. Miaka ya mwanzo nilikuwa namsikia binti akinyamaza kidogo, anapiga hesabu, kisha anamtajia za kwetu. Mama alifurahi na ule ukimya. "Unamsikia anavyotafuta?" alininong'oneza siku moja huku amefunika simu. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Bado mgeni huko, mwanangu." Sasa alasiri ile aliuliza kama kawaida, na binti akajibu papo hapo, bila kupumua, "Themanini na mbili, Mama, kuzuri kweli leo," akaendelea na mengine.

Mama aliitikia vizuri, akacheka panapostahili, akaaga. Kisha akaketi juu ya kitambaa changu chenye pini na hakuzisikia.

"Hajatafsiri," alisema.

"Mama, si unazijua wewe hizo? Themanini na mbili ni ishirini na nane."

"Nazijua. Nilijifunza kwa ajili yake. Nimeiacha hiyo mashine isome za kwao ili nizizoee, asihangaike kunihesabia. Akiniambia themanini, nijue kavaa nini. Akiniambia ishirini, nijue anatetemeka." Akaikazia macho mashine. "Kumbe nilikuwa namsaidia kuondoka."

Binti alikuwa hajaja nyumbani tangu aondoke. Makaratasi yake ya ukaazi yalichukua miaka, kisha akaolewa, kisha akazaa huko huko, na mjukuu tulimwona kwenye kioo cha simu tu. Mama hakuwahi kulalamika. Lakini kuanzia siku ile nilijua anapowanasa watu Kunduchi anatafuta nini, na swali lake likawa na mkia. Aliyerudi kutoka ng'ambo baada ya miaka mingi, awe kwenye msiba, awe kwenye harusi, Mama Vifaranga alimsogelea na kumuuliza: "Ulipotua hapa uwanja wa ndege, joto lilipokupiga usoni, ulilihesabu kwa zipi?" Wengi waliona ni swali la kichaa. Bwana mmoja aliyekaa Marekani miaka mingi na kurejea kujenga Kigamboni alifikiri, akamjibu kwa heshima, "Mama, kwa kweli nilihesabu za kule. Na hadi leo nahesabu za kule." Mama Vifaranga alimshukuru. Alikuwa ameshajijengea imani yake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo: mtu ni wa mahali ambako joto lake linahesabiwa. Alikuwa akiogopa kwamba ameshampoteza mwanawe, na kwamba siku akija, atakuja mgeni.

Na siku ikafika, akaja! Mtaa mzima ulijua. Fundi mageti alipaka rangi lango la Mama Vifaranga bila kuombwa, muuza mihogo alifagia mpaka mbele ya nyumba zisizomhusu. Mimi nilishona gauni la mjukuu kwa kukisia kipimo, halafu siku yao ya pili nikaruka ukuta na futi yangu shingoni nikarekebishe.

Niliwakuta wote watatu sebuleni. Binti alikuwa mnene kidogo, mzuri, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Chang'ombe. "Shikamoo, fundi," aliniambia, nikamwitikia marahaba, roho yangu ikatulia. Mtoto alikuwa kwenye miaka minne, amejilaza kwenye kochi bila kusema. Lakini aliyenishtua alikuwa Mama Vifaranga. Binti alipojipepea na khanga na kusema, "Jamani, joto la Dar!", nilimwona mama akifungua mdomo, nikalisubiri lile swali, na mama akafunga mdomo. Mwanamke aliyewauliza watu wa dunia nzima aliogopa kumuuliza mwanawe. Alishika maandazi, akayapanga upya kwenye sahani.

Nilimwita mtoto aje nimpime. Hakuja. Binti akamfuata, akamgusa shingoni, kisha kifuani, na sura yake ikabadilika.

"Mama! Mtoto anachemka huyu! Mama, thelathini na tisa hii, inafika na arobaini! Nimfanyeje?"

Nilimtazama Mama Vifaranga. Alikuwa ameshasimama, ameshika sahani ya maandazi kifuani.

"Umesema ngapi?"

"Thelathini na tisa, Mama, mguse mwenyewe!"

Sahani ikaenda chini. Nikasikia kigelegele, kirefu, cha bibi harusi anapoingia ukumbini, na nilichelewa kuamini kwamba kinatoka kwake. Binti aligeuka akamtumbulia macho.

"Mama! Mwanangu anaumwa na wewe unapiga vigelegele?"

Mama hakumjibu kwa sababu alikuwa ameshaingia kazini. Alilowesha khanga, akaikamua, akamvua mtoto nguo, akamkanda mgongo, akaniamuru nikaite bajaji, yote kwa pamoja, huku machozi yakimtiririka na meno yote yako nje. Kwenye zahanati nesi alimpima mtoto akasema thelathini na nane na pointi tisa, malaria hakuna, ni mafua ya safari tu, apewe dawa na maji mengi.

Binti akabaki ndani na mtoto, akinywesha dawa. Sisi wawili tukakaa nje kwenye benchi, tumelowa jasho, mimi bado nina futi shingoni. Mama Vifaranga alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

"Fundi, umesikia mwenyewe? Alikuwa na woga, akahesabu za kwetu, na hakutafsiri."